Barua pepe ya kumpongeza mteja akitimiza mwaka: kwanza panga nani asipelekewe

Swali la msomaji:

"Kaka habari za kazi. Nina duka la mota za maji, matenki na sola hapa Dodoma, tunauza na kufunga. Wateja wangu wengi ni watumishi waliohamia huku na watu wanaojenga pembeni ya mji, nina kama mia sita kwenye Excel na wengi barua pepe zao ninazo. Nataka mteja akitimiza mwaka toka tumfungie apate barua pepe yenyewe bila mimi kukumbuka, ya kumshukuru na kumwambia tupo. Mdogo wangu anasoma UDOM anasema anaiunganisha bure kwa Google, jamaa mwingine ananiambia bila kulipia mfumo wa dola kila mwezi haiwezekani. Nimsikilize nani, na naanzia wapi?"

Jibu:

Nzuri dada, pole na majukumu. Msikilize mdogo wako, ila usimwachie afanye peke yake, maana sehemu anayoijua yeye ndo ile rahisi, ngumu unaijua wewe.

Tuanze na hesabu kidogo ili huyo jamaa wa dola akuondokee kichwani. Wateja mia sita ukiwagawa kwenye siku 365 hawafiki wawili kwa siku. Hizi barua haziendi kwa mkupuo kama tangazo la sikukuu, kila mtu ana siku yake. Akaunti ya kawaida kabisa ya Gmail, ile ya bure, ukitumia skripti (maelekezo mafupi ambayo kompyuta inayafuata yenyewe) ndani ya Google Sheets (kama Excel ila ya Google mtandaoni, mi naiita shiti) inakuruhusu kutuma kwa watu 100 kwa siku, na ukiwa na ile ya kulipia ya Workspace ni 1500. We unahitaji wawili. Hata hiyo mifumo mingine kama Brevo ina kiwango cha bure cha barua 300 kwa siku. Kwahiyo kulipia dola kila mwezi ni kwa mtu mwenye maelfu ya wateja na matangazo ya kila wiki, sio kwako, labda baadae ukikua. Na kabla hujauliza, hapana, kompyuta ya dukani haihitaji kuwa imewashwa, kazi inafanyika huko huko kwa Google, umeme ukikatika Nkuhungu nzima barua inaenda.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi wakianza hili jambo wanakimbilia kuandika meseji nzuri na kutafuta picha ya keki. Mi nakwambia anza upande wa pili, kaa na fundi wako na yule anayekaa kaunta muandike kwanza ni nani HATAKIWI kupata hiyo barua. Mfumo hauna aibu dada. We ukikutana na mteja Sabasaba sokoni ambaye mota yake imeungua mara mbili na bado hujamletea nyingine, huwezi kumwambia hongera kwa kutimiza mwaka nasi, utapita njia nyingine. Mfumo utamwambia, tena saa tatu asubuhi kwa jina lake kamili.

Nikikutajia kwa biashara yako naona hivi. Kuna mwenye malalamiko ambayo hayajaisha, huyo anasimamishwa mpaka fundi aseme yameisha. Kuna anayedaiwa, kwa sababu nina uhakika unauza kwa kulipa kidogo kidogo, sasa mtu ana deni la miezi minne halafu anapata shukrani, ama atacheka ama atadhani deni limesamehewa. Kuna aliyefariki, na hili usilichukulie poa, barua inafunguliwa na mjane au mtoto aliyebaki na simu ya marehemu, anasoma "tunakutakia mwaka mwingine mwema". Taarifa za msiba mara nyingi zinamfikia fundi kabla ya ofisi maana yeye ndo anapita mitaani, kwahiyo weka utaratibu kwamba yeyote akisikia anatuma ujumbe kwenye grupu lenu la WhatsApp na wa kaunta anaweka alama siku hiyo hiyo, sio mwisho wa mwezi. Kuna aliyeuza nyumba au kahama kituo, mota iko pale pale lakini mwenye nyumba ni mwingine.

Alafu kuna kundi ambalo nadhani hujaliwaza kabisa, mafundi na wakandarasi wanaonunua kwa niaba ya watu wao. Pitia hiyo Excel yako uone, bila shaka kuna barua pepe moja imejirudia mara kumi, ishirini. Huyo ni fundi mmoja kafunga nyumba za watu wengi Ihumwa na Nzuguni, na ukiwasha mfumo bila kumtoa atapata hongera kila baada ya wiki mbili kama vile ana mota ishirini nyumbani kwake. Huyo hastahili barua pepe, anastahili simu yako wewe mwenyewe na pengine soda, ndo anayekuletea wateja. Na taasisi nazo, shule, zahanati, gesti, ambako barua pepe uliyonayo ni ya afisa manunuzi, mtoe pia, piga simu.

Kwahiyo kwenye shiti yako kolamu ya muhimu kuliko zote ni moja nitakayoiita SIMAMA. Ikiwa na neno lolote ndani, mstari huo hauendi popote. Mwambie mdogo wako skripti iisome hiyo kwanza kabla ya kuangalia tarehe.

Tukija kwenye tarehe, tarehe ipi? Umesema "toka tumfungie", vizuri, ila uhakika ni kwamba Excel yako ina tarehe ya risiti. Angalia mashine ya EFD inatoa tarehe ya malipo, na Dodoma hapa mtu ananunua mota mwezi wa kwanza akipata hela, kisima kinachimbwa mwezi wa sita, fundi wako anaenda kufunga wa saba. Ukimwandikia mwezi wa kwanza kwamba mota yake imetimiza mwaka ikifanya kazi atakushangaa, ina miezi sita tu. Tafuta tarehe za kufunga kwenye daftari la fundi, na kama kwa wengine hazipo, usizikisie, acha kolamu tupu na mstari ule usiende. Bora wateja mia nne wenye tarehe ya kweli.

Ila sasa waranti nayo inaanza lini kwako, kwenye risiti au kwenye kufunga? Sijui mnaandikaje kwenye karatasi zenu ila amueni moja, kwa sababu hapa ndo kuna jambo nataka ulisikie vizuri. Kama waranti yako ni ya mwaka mmoja, basi siku mteja anayotimiza mwaka ndo siku waranti inayokufa. Fikiria unampelekea mtu hongera siku ile ile ambayo ukimtengenezea kitu utamtoza hela. Akiwa na mota inayopiga kelele toka mwezi uliopita na hakusema kwa uvivu, anasoma barua yako, anakumbuka, anapiga, anaambiwa waranti imeisha jana. Umemuudhi kwa hela yako mwenyewe. Kwahiyo usitume siku ya mwaka, tuma wiki mbili kabla, na ndani mwambie waziwazi kwamba waranti inaisha tarehe fulani, kama kuna tatizo aseme sasa. Najua utaniambia hapo si najitafutia kazi za bure? Ndio, chache. Lakini hiyo ndo barua ambayo mtu anamwonyesha jirani yake, na kwa jinsi watu wanavyojenga huko Mtumba na Ihumwa jirani yake hana mota bado.

Haya, mambo ya shiti yenyewe, na hapa mwite mdogo wako asome na yeye.

Kabla hamjaingiza chochote toka Excel, fungueni shiti mpya, muende kwenye mipangilio yake mbadilishe nchi iwe Uingereza. Ikibaki Marekani itasoma 03/07, ambayo kwako ni tarehe tatu mwezi wa saba, kuwa Machi 7, na haitakwambia kitu. Ubaya wake ni kwamba zile zenye siku kuanzia 13 kwenda juu haziwezi kuwa mwezi, kwahiyo zinabaki kama maandishi tu, na zile za 1 mpaka 12 zinageuzwa kimya kimya, mwishowe una shiti ambayo nusu haifanyi kazi na nusu inafanya vibaya. Namna ya kujua haraka, tarehe iliyoeleweka inajipanga kulia kwenye seli, maandishi yanajipanga kushoto. Ukiona kolamu imechanganyika kulia na kushoto simama hapo. Na kubadilisha nchi baada ya kuingiza hakurekebishi zilizokwisha geuzwa, inabidi kuingiza upya.

Kolamu zangu ningezipanga hivi: A jina, B namna ya kumwita, C barua pepe, D tarehe ya kufungwa, E kifaa na mahali kilipofungwa, F jina la fundi aliyefunga, G siku ya kutuma, H miaka aliyokwisha andikiwa, I ndo hiyo SIMAMA. Hiyo B usiiruke. Huku kwetu huwezi kumwandikia kila mtu "Habari Joseph", kuna Mzee, kuna Mama fulani, kuna Mchungaji, Dokta, Mheshimiwa, Sheikh, na mtu wa kaunta anajua nani anaitwaje, mpe wiki nzima ajaze hiyo kolamu kwa utulivu. Ikiwa tupu basi itumie "Ndugu" na jina, haina ubaya.

G inajihesabu yenyewe. Kwenye G2 wekeni =EDATE(D2,12*(H2+1))-14 halafu mshushe mpaka chini. Maana yake chukua tarehe ya kufungwa, ongeza miezi kumi na mbili mara idadi ya miaka inayofuata, toa siku kumi na nne. Ikikuletea namba kama 45900 usishtuke, ibadilishe tu muonekano iwe tarehe. Uzuri wa EDATE ni kwamba aliyefungiwa Februari 29 hapotei, mwaka wa kawaida inampeleka Februari 28, wakati ukilinganisha siku na mwezi tu kama wengi wanavyofanya, huyo mtu wa 29 Februari 2024 utamwona tena 2028.

Kila asubuhi skripti inapita mstari kwa mstari, ikikuta G ni leo au imeshapita, na D sio tupu, na C ina barua pepe, na SIMAMA haina kitu, inaandika barua na kuongeza moja kwenye H, basi G inaruka yenyewe mwaka wa mbele. Nimesema "leo au imeshapita" kwa makusudi, kwa sababu skripti ikikwama Jumanne, Jumatano inaokota za Jumanne. Ukiandika "leo" peke yake, siku iliyokwama imepotea mpaka mwakani. Na hiyo ya D kutokuwa tupu msiisahau jamani, seli tupu kwa Google ni tarehe ya mwaka 1899 huko, kwa fomula hii huyo mtu anaonekana amechelewa kuandikiwa miaka zaidi ya mia na atapata barua kila siku asubuhi mpaka mtu akugombeze.

Kuna mtego mmoja mkubwa siku ya kuwasha. Wateja wa zamani H yao ni sifuri, wakati wengine wana miaka mitatu, minne na wewe. Ukiwasha hivyo hivyo skripti inawaona wote wamechelewa, inawamwagia kwa siku hiyo moja mpaka kiwango cha 100 kiishe, kesho wengine mia, na barua yenyewe inawaambia "umetimiza mwaka mmoja" mtu ana mitano. Kwahiyo kabla ya kuwasha jazeni H kwa =DATEDIF(D2,TODAY()+14,"Y") kwa wale wenye tarehe tu, kisha nakilini kolamu nzima mbandike kama namba tupu sio fomula, maana ikibaki fomula skripti ikiongeza moja inafuta fomula na vurugu inaanza. Baada ya hapo angalia G zote, hakuna hata moja inatakiwa kuwa tarehe ya nyuma. Hata moja.

Majira ya saa pia. Skripti ina mpangilio wake wa majira na shiti ina wake, vyote viwili viwe Africa/Dar_es_Salaam, vikitofautiana tarehe zinasogea siku moja na mtahangaika kutafuta kosa kwenye fomula wakati fomula ni nzima. Na mdogo wako akiweka ule wakati wa kila siku, Google haikubaliani na dakika, inakupa dirisha la saa moja, mfano kati ya 9 na 10. Nakukumbusha tu 9 ya kwenye mfumo ni saa tatu yetu asubuhi. Akiweka 3 akijua ni saa tatu, barua zinaenda saa tisa usiku, na mteja anayelala na simu kichwani anaamshwa na mota.

Ila ushauri wangu mkubwa kwenye upande wa mashine ni huu, na jamaa wa dola hawezi kukupa: msiifanye itume. Ifanye iandike drafti. Skripti ya Google inaweza kuandaa barua kamili na kuiacha kwenye drafti za Gmail ya duka, basi saa nne asubuhi wa kaunta akifungua anakuta mbili au tatu zinamsubiri, anasoma, anaona "aaa huyu juzi alikuja na hasira", anafuta na kumpigia, nyingine anaongeza sentensi moja, anabonyeza tuma. Dakika tano. Kazi ya kukumbuka, ambayo ndo ilikuwa inakushinda, imefanywa na mashine, kazi ya kuwa na akili imebaki kwa mtu. Kwa barua mbili kwa siku sioni sababu yoyote ya kujinyima hilo, watu wanasahau tu kwamba lengo lilikuwa kumkumbuka mteja, wanadhani lengo ni kutogusa kitu. Siku ukifika wateja elfu kumi tutaongea upya.

Sasa barua. Fupi, haina picha, haina rangi, ionekane imeandikwa na mtu. Kichwa cha barua kitaje kitu chake, sio kampuni yako, maana "Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya" nani sijui hakuna anayeifungua. Mfano wa mwaka wa kwanza:

"Mota yako ya Ihumwa inakaribia mwaka

Mama Furaha, habari za leo. Tarehe 14 Agosti inatimia mwaka mmoja tangu fundi Juma akufungie mota na paneli nne nyumbani Ihumwa. Asante kwa kutuamini.

Waranti inaisha siku hiyo hiyo, kwahiyo kama kuna kitu hakikuridhishi, maji yanatoka kidogo kuliko mwanzo, mota inapiga kelele, chochote, tujibu hapa hapa au piga kabla ya tarehe hiyo tuje kuangalia.

Kwa sasa vumbi ni jingi, zifuteni paneli kwa maji na kitambaa laini asubuhi kabla jua halijakali. Msitumie sabuni ya unga wala brashi ngumu."

Halafu jina la mtu, sio "Uongozi". Na ajibu kwenye anwani ambayo inasomwa, zile za usijibu barua hii ni tusi kwa mteja wa aina yako.

Hiyo aya ya mwisho ndo inayoifanya barua iwe na kazi, na inabidi ibadilike kulingana na msimu. Dodoma kiangazi kinaanza huko mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja, vumbi tupu, hapo ongelea paneli. Kuanzia wa kumi na mbili mpaka wa nne ni mvua, hapo ongelea radi, waya wa athi na maji kuingia kwenye boksi la kontrola. Wenye hita za sola waambie habari ya chumvi, maji ya huku yanajulikana, ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika unajijenga pia ndani ya tenki la hita. Kwahiyo mdogo wako aandike aya tatu nne, skripti ichague kwa mwezi na kwa kifaa kilichoko kolamu E. Na ya mwaka wa pili isifanane na ya kwanza, haina waranti tena, inaweza kuuliza tu kama familia imeongezeka na maji yanatosha. Mwaka wa tatu na wa nne kwa wenye betri za gel, hapo ndo nyingi zinaanza kuchoka, mwambie dalili zake ajue mapema, usimuuzie, atakuja mwenyewe.

Punguzo? Mi sipendi. Asilimia kumi kwa mtu aliyekwisha nunua mota, anunue mota ya pili aiweke wapi. Na usiahidi ukaguzi wa bure kwa kila mtu, mafuta ya pikipiki kwenda Chamwino na kurudi unayalipa wewe. Ukitaka kutoa kitu, angalia kwenye kolamu G wanaofikiwa wiki mbili zijazo, ukiona wanne wako upande mmoja waambie fundi atapita upande huo Alhamisi, anayetaka aseme.

Kuna suala la sheria na usilipuuze kwa sababu duka ni dogo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Jina, simu na barua pepe za wateja ni taarifa binafsi, anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwa Tume, na mtu ana haki ya kukataa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Kiutendaji kwako ni vitu viwili: kwenye fomu ya mauzo ongeza mstari kwamba tutatumia mawasiliano yako kukukumbusha matengenezo na waranti, akubali au akatae kwa tiki, na chini ya kila barua andika "Hutaki barua hizi? Jibu HAPANA". Akijibu hapana, neno hilo linaingia kwenye SIMAMA na limekaa humo daima. Hiyo shiti pia isisambazwe kwa kiungo ambacho yeyote akikipata anafungua, una majina ya watu na mahali mota zao zilipo, mwizi akiipata hana haja ya kuzunguka.

Kuhusu mdogo wako, shiti na skripti viwe kwenye akaunti ya duka toka siku ya kwanza. Asitengeneze kwake halafu akushirikishe. Ule wakati wa kila siku unaendeshwa na akaunti iliyouweka, kwahiyo akiuweka yeye barua zitatoka kwa jina lake, na akimaliza chuo akafunga ile Gmail yake ya zamani, duka lako linanyamaza na hutajua hata kwa nini. Ikiwa kwenye akaunti ya duka, skripti ikifeli Google inakutumia taarifa, isome, usiichukulie kama matangazo.

Swali la domeini utaambiwa tu na mtu, kwamba unahitaji jina lako la .co.tz. Ni vizuri kuwa nalo lakini kwa njia hii ya kutuma toka Gmail yenyewe sio lazima kuanza. Inakuwa lazima pale ukihamia Brevo au Mailchimp, kwa sababu toka Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, barua inayodai imetoka gmail.com huku imerushwa na mfumo mwingine inaangukia kwenye spamu au inarudishwa. Hapo ndo utahitaji domeini yako na hizo SPF na DKIM (mipangilio ya domeini inayothibitisha barua imetoka kwako kweli), mdogo wako atazijua, kama hazijui basi hajafika somo hilo bado.

Wasio na barua pepe, au wenye ile ya ofisini inayoishia .go.tz ambayo wakihama taasisi wanaiacha, usiwaache. Shiti ni hiyo hiyo, skripti badala ya drafti ikuandikie barua moja kwako asubuhi: leo piga simu kwa hawa wawili, namba hizi, kifaa hiki, fundi huyu. Kwa wateja wako wa umri mkubwa huko Kongwa na Bahi naona simu ya dakika mbili itazidi barua yoyote, na kwa kipindi cha kwanza usihesabu nani kafungua barua, siku hizi simu za Apple zinaonyesha imefunguliwa hata kama mtu hajaigusa, hesabu waliojibu na waliopiga. Weka kolamu J uandike humo walichosema.